Jukwaa moja kwa vyama vingi vya wakazi: linavyojengwa na linapokwama

Vyama 12 vya wakazi vinavyopakana vikitaka kupashana habari, kila kimoja na kila kingine, zinahitajika njia 66 za mawasiliano. Chukua idadi ya vyama, zidisha kwa idadi hiyo ukitoa moja, kisha gawanya kwa mbili. Vyama vikifika 20, njia zinakuwa 190. Hakuna kamati ya watu wanaojitolea inayoweza kuzitunza zote, ndiyo maana huwa zinabaki chache tu: mwenyekiti wa huku anafahamiana na mwenyekiti wa kule, katibu fulani ana namba ya katibu mwenzake, na waliosalia wanapata habari kwa uvumi au kwa ujumbe uliofowadiwa mara tano bila tarehe.

Dawa inayojaribiwa kwanza ni grupu moja la WhatsApp la viongozi wote. Njia 66 zinageuka kuwa moja, na wiki za mwanzo kila mtu anafurahi. Baadaye tangazo la kukatika kwa maji linazama chini ya rambirambi, video na mabishano ya watu wawili. Kuongeza ukubwa wa grupu hakujatibu tatizo hili. Mwaka 2022 WhatsApp ilipandisha kiwango cha watu katika grupu kutoka 256 hadi 512, kisha 1,024, na grupu la Telegram linaweza kubeba watu 200,000. Nafasi iliongezeka, lakini mazungumzo bado ni mkondo mmoja unaopita na kwenda zake.

Kinachokosekana kati ya vyama ni kumbukumbu. Mjumbe mpya anayeingizwa kwenye grupu kwa kawaida haoni yaliyosemwa kabla yake. Akaunti ni ya namba ya simu ya mtu, kwa hiyo katibu akimaliza muda wake, miaka miwili ya barua, picha na makubaliano inaondoka na simu yake. Vyama vya wakazi hubadilisha viongozi mara kwa mara, wakati masuala yao makubwa, kama mitaro, taa za barabarani, taka, mipaka na ulinzi, huchukua muda mrefu kuliko kipindi cha uongozi. Jukwaa la pamoja la mtandaoni linapaswa kupimwa kwanza kwa swali moja: je, mtu aliyechaguliwa jana anaweza leo kujua suala limefikia wapi bila kumpigia simu mtangulizi wake?

Kazi za jukwaa, na kazi zisizo zake

Magrupu ya ndani ya kila chama yaachwe yaendelee. Watu wameyazoea, na mazungumzo ya jirani na jirani hayahitaji kuhifadhiwa. Jukwaa ni la mambo yanayovuka mpaka wa chama kimoja, na linatosha likiwa na sehemu nne: matangazo, masuala yanayoendelea, kalenda, na kabati la nyaraka. Kila sehemu ya tano au ya sita inayoongezwa mapema inagawanya wasomaji. Ni rahisi kufungua chumba kipya baada ya miezi mitatu kwa sababu kimehitajika, na ni vigumu sana kufunga vyumba tisa vilivyo tupu.

Sehemu ya masuala ndiyo moyo wa kazi yote. Chukua mtaro unaopita katika vyama vitatu. Chama cha juu kinasafisha Machi, cha kati Juni, cha chini kinasubiri mvua, na kila safari taka za mmoja zinahamia kwa mwenzake. Kwenye jukwaa suala hili linapata mjadala wake mmoja, wenye kichwa kinachotaja mahali na tatizo. Ujumbe wa kwanza wa mjadala unaachwa wazi ili wajumbe wote waweze kuuhariri, na juu kabisa unabeba hali ya sasa: chama kinachosimamia, hatua iliyofikiwa, na tarehe ya kulitazama tena. Hatua ziwe chache na zilezile kwa masuala yote, kwa mfano limepokelewa, linashughulikiwa, linasubiri mamlaka, limefungwa. Chini yake zinafuata picha zenye tarehe, barua iliyopelekwa kwa mamlaka pamoja na namba yake ya kumbukumbu, na jibu lililopatikana. Katibu mpya akifungua ukurasa huo anasoma mistari minne ya juu na anajua la kufanya. Namba ya kumbukumbu pekee inaweza kumwokolea majuma ya kuanza upya ofisini.

Suala lisilo na chama kinachosimamia halisogei. Ikiandikwa «vyama vyote vifuatilie», hakuna atakayefuatilia. Chagua kimoja, hata kama tatizo linawagusa wote, na tarehe ya kulitazama tena isizidi siku 30.

Kuchagua programu

Mjadala kuhusu programu huwa unachukua muda mwingi kuliko inavyostahili. Ziko aina tatu zinazofaa. Ya kwanza ni orodha ya barua pepe yenye hifadhi ya kumbukumbu, kama Groups.io au Google Groups. Inaanzishwa kwa siku moja, na anayejua kujibu barua pepe hahitaji mafunzo. Ya pili ni programu ya majadiliano kama Discourse, iliyotoka mwaka 2013. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia, unaweza kuiweka kwenye seva yako (kompyuta inayolibeba jukwaa mtandaoni), ina vyumba vyenye ruhusa tofauti, inatafuta vizuri, na inaweza kupokea majibu kwa barua pepe. Seva yenye RAM ya GB 2 na diski ya GB 20 inatosha vyama 20 bila shida. Ya tatu ni programu za maamuzi, kama Loomio iliyoanzia New Zealand au Decidim iliyoanzia Barcelona. Hizo ni nzuri pale vyama vinapopiga kura mara kwa mara, lakini ni nzito kwa wanaoanza. Kwa vyama vingi tungeshauri aina ya pili, na ya kwanza pale ambapo hakuna mtu wa kutunza seva.

Vyovyote mtakavyochagua, kuna masharti ambayo hayafai kulegezwa. Jukwaa lifunguke kwenye kivinjari cha simu ya bei ndogo, bila kulazimisha mtu kupakua programu. Liwe na ruhusa kwa kila chumba. Na liweze kutoa data zote katika faili ambalo programu nyingine inaweza kulisoma. Sharti hili la mwisho lina historia yake. Oktoba 2019 Yahoo ilitangaza kwamba ingefuta maudhui yaliyohifadhiwa kwenye Yahoo Groups, na Desemba 2020 huduma yenyewe ikazimwa. Jumuiya zilizokuwa zimeweka huko kumbukumbu za miaka mingi zilipewa miezi michache tu ya kuzihamisha. Kwa hiyo kabla ya kuamua, fungueni akaunti ya majaribio, andikeni mijadala mitano yenye picha na viambatisho, ombeni faili la data, kisha lifungueni. Lisipofunguka, au likikosa viambatisho, tafuteni kwingine.

Kalenda nayo itolewe kwa muundo wa kawaida wa iCalendar, ili kila mjumbe aiunganishe na kalenda ya simu yake. Hapa kuna kosa linalowapata wanaosema Kiswahili: programu inaandika 08:00, msomaji anasema saa 2, na wapo watakaoisoma kuwa saa 8. Kanuni iwe kuandika zote mbili ndani ya kichwa cha tukio: «saa 2 asubuhi, 08:00». Mkutano unaweza kukosa akidi kwa sababu ndogo kama hiyo.

Nani aingie, na kwa jina gani

Vyama 12 vyenye wanachama 300 kila kimoja ni watu 3,600. Kuwaruhusu wote waandike tangu mwanzo ni kurudisha lile grupu la WhatsApp kwa sura nyingine. Mpangilio unaofanya kazi ni wajumbe wawili wenye ruhusa ya kuandika kwa kila chama, kamati nzima yenye ruhusa ya kusoma, na wakazi wote kuona matangazo na kalenda bila kufungua akaunti. Wajumbe wawe wawili kwa sababu mmoja huugua, husafiri au huchoka. Wote wawili wakiwa kimya kwa siku 14, msimamizi ampigie simu mwenyekiti wa chama hicho.

Wengi huanza na akaunti moja ya ofisi, mathalani «Katibu, Chama cha Mashariki», yenye nywila inayorithiwa. Ni kosa. Nywila ikishajulikana na watu wanne, hakuna anayejua ni nani aliyeandika, na hakuna anayeibadilisha viongozi wapya wanapoingia. Afadhali kila mtu awe na akaunti kwa jina lake halisi, kisha jukwaa limpe lebo ya wadhifa wake. Ujumbe unaotumwa kwa «Makatibu» unawafikia wenye lebo hiyo siku hiyo. Baada ya uchaguzi lebo inahamishwa, maandishi ya zamani yanabaki na jina la aliyeyaandika, na aliyemaliza muda wake anabaki msomaji akipenda.

Wasimamizi wa mfumo wawe watatu, kutoka vyama vitatu tofauti. Akiwa mmoja, jukwaa linakuwa mali yake. Wakiwa wanane, kila mmoja anadhani mwenzake ameshafanya. Wote wawashe uthibitishaji wa hatua mbili (nywila pamoja na msimbo wa pili), na misimbo ya dharura, ya kuingilia simu ikipotea, ichapishwe na kufungwa kwenye bahasha inayotunzwa na mtu wa nne. Kikoa cha tovuti, yaani anwani yake ya mtandaoni, na akaunti ya seva viandikishwe kwa barua pepe ya umoja wa vyama. Barua pepe binafsi ya kijana aliyejitolea kutengeneza tovuti isitumike. Jukwaa linaweza kufa kwa sababu ya kikoa kilichokwisha muda huku ilani za malipo zikienda kwenye sanduku ambalo hakuna tena anayelifungua.

Tangazo linaloeleweka

«Ndugu wajumbe, habari za jioni. Kuna jambo la maji kesho, tafadhali tujulishane.» Tangazo la namna hii huzaa maswali kumi. Kesho ya lini? Maji yanakatika au yanarudi? Kwa nani? Linganisha na hili: «Maji kukatika, Jumanne 14 Oktoba 2025, saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni: vyama vya Mashariki na Bondeni». Ndani yake mistari mitatu: sababu, jina la wadhifa wa kuulizwa, na jambo ambalo msomaji anatakiwa kufanya. Salamu si vibaya, ila zikae mwishoni, kwa kuwa arifa ya simu huonyesha maneno ya mwanzo tu.

Jukwaa likiruhusu, kila tangazo lipewe muda wa kujifunga lenyewe siku moja baada ya tukio. Matangazo yaliyokwisha muda yakijaa ukurasa wa mbele, msomaji anajifunza kutoutazama.

Arifa nyingi mno nazo zinaweza kuua jukwaa, hata katika mwezi wa kwanza. Mtu anapata arifa 40 kwa siku, anazizima zote, na ile ya 41 iliyokuwa ya maana haimfikii. Kwa hiyo mpangilio wa kuanzia ndio unaoamua, maana wengi hawataubadilisha kamwe: matangazo yaje papo hapo, masuala ambayo mjumbe amepangiwa yaje papo hapo, na mengine yote yakusanywe katika muhtasari mmoja wa wiki. Front Porch Forum, mtandao wa majirani katika jimbo la Vermont nchini Marekani uliopo tangu miaka ya 2000, umejengwa juu ya wazo hilo hilo: ujumbe wa wakazi husomwa kwanza na wahariri, kisha hutumwa kwa pamoja kama jarida.

Muhtasari huo wa barua pepe lazima ufike. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji, na barua kutoka kikoa kisicho na rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua kweli imetoka kwenye kikoa hicho, zina nafasi kubwa ya kuishia kwenye sanduku la barua taka au kukataliwa kabisa. Rekodi hizo huwekwa mara moja kwenye mipangilio ya kikoa, kazi isiyozidi saa moja. Kabla ya kuzindua, tumeni muhtasari wa majaribio kwenye masanduku matatu ya kampuni tofauti na muangalie ulipoangukia.

Wasio na bando

Katika kila chama wapo wanaotumia simu ya kawaida, au wenye simu janja isiyo na bando. Kwao jukwaa litume SMS, na kwa matangazo tu. SMS moja hubeba alama 160 zikiwa za seti ya kawaida ya herufi za SMS, na herufi zote za Kiswahili zimo. Mtego uko kwenye ritifaa. Ukiandika «ng'oa» kwa ritifaa iliyonyooka, hakuna tatizo. Lakini programu nyingi za kuandikia huigeuza kimyakimya kuwa ritifaa iliyopinda, ambayo haimo kwenye seti hiyo. Alama moja tu ya namna hiyo, au kikaragosi kimoja cha uso unaotabasamu, hubadilisha usimbaji wa ujumbe mzima, yaani namna simu inavyouhifadhi na kuutuma, na nafasi hushuka hadi alama 70. Ujumbe ukikatwa vipande, kila kipande hubeba alama 67. Tangazo la alama 150 lililopaswa kuwa SMS moja linakuwa tatu, na kwa wapokeaji 200 mnalipia 600. Andikeni SMS kwenye kisanduku kinachohesabu alama, na msinakili kutoka kwenye waraka.

Dharura zenyewe, kama moto, mafuriko au mtu kuumia, zisitegemee jukwaa. Ni simu na SMS, na kwenye jukwaa ziandikwe baadaye kwa ajili ya kumbukumbu.

Yasiyowekwa

Orodha ya wanachama wanaodaiwa michango haiwekwi kwenye jukwaa la pamoja, hata kama chumba kimefungwa. Wala picha za watoto, wala nakala za vitambulisho. Kwa kila mjumbe hifadhini jina, chama, wadhifa na njia moja ya kumpata, na namba yake ifutwe anapotoka madarakani.

Taarifa za usalama zinahitaji fomu. Mwaka 2016 Nextdoor, mtandao wa majirani wa Marekani, ulibadilisha fomu yake baada ya malalamiko kwamba watu walikuwa wakiripoti wenzao kwa sababu ya rangi ya ngozi tu. Fomu mpya ilimlazimisha mwandishi aeleze kitendo alichokiona, na akitaja rangi ya mtu aongeze maelezo mengine kama mavazi. Vyama vinaweza kufanya vivyo hivyo kwa kuweka visanduku vitatu vya lazima: nini kilifanyika, wapi, saa ngapi. «Kijana anayetia shaka amepita» haijazi hata kimoja, na mfumo usiipokee. Maneno hayo yanaweza kumfanya mtu asiye na hatia apigwe mtaani.

Maamuzi

Hapa vyama hukwaruzana zaidi kuliko mahali pengine popote. Chama kikubwa kinataka kura kulingana na idadi ya watu wake, kidogo kinataka kila chama kura moja. Programu haitatui hilo. Likubaliwe ana kwa ana na kuandikwa kabla kura ya kwanza haijafunguliwa.

Kosa la pili ni muda. Mjumbe hana mamlaka ya kukisemea chama chake papo kwa papo, inabidi arudi kwenye kamati. Kama kamati hukutana mara moja kwa mwezi, kura ya siku tatu itapigwa kwa maoni binafsi ya wajumbe, kisha vyama vitaikana. Kwa jambo linalohusu fedha, kura ikae wazi siku 35 ili kila kamati ipate angalau kikao kimoja. Kwa mambo madogo, kama tarehe ya usafi wa pamoja, siku 10 zinatosha. Ukimya nao uelezwe mapema kama unahesabiwa kuwa kuridhia au kutoshiriki.

Kuanza

Vyama vitatu au vinne vyenye mpaka na tatizo la pamoja vianze. Kabla ya kumwalika yeyote, jukwaa lijazwe: kalenda ya miezi mitatu, mihtasari ya mikutano ya mwaka uliopita, na masuala matano halisi yaliyokwisha andikwa kwa mpangilio. Mtu akiingia mara ya kwanza akakuta kurasa tupu, mara ya pili haiji.

Mafunzo yachukue saa moja, kila mtu akitumia simu yake mwenyewe, na yawe na kazi tatu: kuingia na kubadilisha nywila, kutafuta muhtasari wa mkutano uliopita, na kujibu suala moja. Anayeonyeshwa kwenye ukuta bila kugusa simu yake atakuwa amesahau kabla ya kufika nyumbani.

Grupu la zamani la viongozi lisifungwe siku ya uzinduzi. Sheria iwe moja: tangazo linaandikwa kwenye jukwaa, na kiungo chake ndicho kinachopelekwa kwenye grupu. Mtu akiibua suala ndani ya grupu, msimamizi hamkaripii. Analifungulia mjadala, anaweka kiungo, na kuomba majibu yaende huko. Kazi hii ya kuhamisha inachosha, nayo huendelea kwa takribani siku 90, na hakuna njia ya mkato. Msimamizi akiiacha katika wiki ya tatu, mazungumzo yanarudi kwenye grupu na jukwaa linabaki ghala.

Maendeleo yasipimwe kwa idadi ya ujumbe. Kwenye mitandao ya namna hii walio wengi husoma tu, na hilo si dalili ya kushindwa. Vipimo vyenye maana ni vitatu: vyama vingapi vimeingia ndani ya siku 14, inachukua siku ngapi swali kupata jibu la kwanza, na masuala mangapi yamefungwa katika robo ya mwaka.

Makabidhiano

Ndani ya siku saba baada ya uchaguzi wa chama chochote, msimamizi anahamisha lebo, anafunga vipindi vya kuingia kwenye jukwaa vilivyobaki wazi kwenye simu za waliotoka, na anawaonyesha wapya masuala yaliyo chini ya chama chao. Aliyetoka akiwa msimamizi wa mfumo, bahasha ya misimbo inafunguliwa, misimbo mipya inatolewa, na ya zamani inachanwa.

Nakala rudufu ipakuliwe kila mwezi na kuhifadhiwa nje ya seva, mahali pawili. Mara mbili kwa mwaka irejeshwe kwenye seva ya majaribio ili kuhakikisha inafunguka, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haijulikani kama inafanya kazi.

Chama kinaweza pia kuamua kujitoa. Kanuni ya hilo iandikwe mapema, wakati wote bado wanapatana: wajumbe wake wanaondolewa ruhusa siku hiyo hiyo, kinapewa nakala ya nyaraka zake, na walichoandika wajumbe wake katika masuala ya pamoja kinabaki, maana vyama vingine vilifanya maamuzi kwa kukitegemea. Masuala kiliyokuwa kinasimamia yanapangiwa chama kingine kabla ya tarehe yake inayofuata ya kutazamwa.